Mwalimu na Mashine ya Dirishani

Ungetaka kumjua Mwalimu, ungekuja Tukuyu mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka kwenye ngazi za duka langu na mtaa wetu wa Msasani wote umejifungia ndani na majiko yake. Yeye ungemkuta kwake amevaa masweta mawili, koti la mvua juu, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi, ameketi mbele ya dirisha lililo wazi pande zote mbili.

"Funga dirisha, Mwalimu, utakufa!" tulimwambia.

"Mimi nina sweta," alijibu, meno yanagongana. "Hii haitaki."

Hii, maana yake kompyuta. Ilikaa juu ya meza chini ya dirisha, imevuliwa kifuniko, matumbo nje kama kuku wa sikukuu. Baridi ya mlimani ilikuwa inaingia na kuipitia, halafu ndiyo inamfikia yeye. Mashine ilihudumiwa kwanza, binadamu baadaye.

Mimi jambo nisipolielewa nagomba. Ndivyo nilivyo. Wazee wangu walipanda huku kutoka Bagamoyo na kanga na mafuta ya taa, nami nikarithi duka na mdomo. Ruksa ya biashara ilipokuja na bidhaa zikaanza kumiminika kutoka Tunduma na Dar, nikaongeza redio, betri, nyaya na balbu, na ndipo tukawa jirani wa kweli mimi na Mwalimu, kwa sababu kila siku alikuwa na shida ya waya. Aliniita Mama Suhula. Binti yangu ni Zuhura, lakini ulimi wa Kinyakyusa una njia zake, na baada ya muda hata mimi niliitika bila kugeuka.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu. Mji mzima ulimwita Mwalimu tu, hata wale waliomkuta ameshastaafu. Waliosoma kwake walisimulia jambo moja wote: ukikimbilia kujibu, alikuwa anakurudisha mwanzo wa ubao. "Haraka ya nini? Jibu halina miguu." Kwenye kutembea alikuwa hivyo hivyo. Kwenye kula ndiyo usiseme, sahani moja ya mbalaga aliila mpaka ndizi zikapoa, zikashikana.

Sasa mtu huyohuyo, taratibu kuliko kobe, ndiye alikuwa anaikimbiza kompyuta. Ndilo neno lake, kuikimbiza. Aliinunua kuukuu Mbeya, ofisi moja ilipokuwa inaleta mpya. Alinieleza kwamba kila mashine hutoka kiwandani imepangiwa mwendo, na kwamba ule mwendo ni wa tahadhari, kama fundi anayekwambia gari lisizidi mwendo fulani ilhali anajua linaweza. Ndani kwenye ubao kulikuwa na vizibo vidogo, vidogo kuliko punje ya mchele. Ukivihamisha kutoka sehemu moja kwenda nyingine, ile prosesa, ambayo ndiyo akili yenyewe, inakwenda mbio zaidi ya ilivyopangiwa.

"Na ikikataa?"

"Haikatai. Inapata joto."

"Na ikipata joto?"

"Inaganda. Au inaungua." Akatabasamu kama mtoto aliyeficha sukari. "Lakini hapa ni Tukuyu, Mama Suhula. Hapa Mungu ametupa baridi bure. Wenzetu wa Dar wanainunua."

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa dini yake ya pili. Juu ya prosesa aliweka kipande cha aluminiamu chenye meno kama kitana, na juu ya kitana feni. Feni ya kwanza alinunua kwangu, ya pili aliitoa kwenye gari lililokufa, ya tatu sijui aliitoa wapi na sikuuliza. Kati ya prosesa na kitana kulikuwa na dawa nyeupe ya kupitisha joto. Siku moja mwanawe wa kiume, dereva wa malori ya chai, alijitolea kuipaka. Mwalimu alipoona alishika kichwa. "Wembamba! Wembamba! Hupaki siagi kwenye mkate wa harusi!" Akafuta yote, akaanza upya kwa ncha ya kijiti cha kibiriti, na alichukua muda ambao mimi ningefua nguo za wiki.

Jiko la mkaa halikukubaliwa sebuleni kwake, baridi iwe ya namna gani. Majivu, alisema, yanaziba meno ya kitana. Kufagia mpaka unyunyize maji. Mgeni alikuwa anakaribishwa kwa maneno mazuri kabisa, "Karibu, ugonile, kaa hapa," kisha anawekwa kwenye mkondo wa upepo mpaka anaomba ruhusa ya kuondoka. Kikombe cha chai alikigusa kwa kiganja kama watu wote. Kile kitana alikigusa kwa fundo la kidole cha kati, macho amefumba, kama muuguzi anayepima homa. "Bado," alikuwa anasema. Au, "Ameanza kuchoka." Nikimwambia thamometa ninazo dukani, alinitazama kwa huruma.

Lakini alikosea, na alikosea kosa la mtu wa mlimani.

Kanisa moja la Kyela lilisikia kwamba Tukuyu kuna mzee ana kompyuta inayomwimbisha mtu mmoja sauti nne. Wakamwalika. Na kweli alikuwa ameshajirekodi, siyo wimbo, maana sauti yake ilikuwa kama mlango wa ghala, bali jedwali la tatu. Tatu mara moja tatu, tatu mara mbili sita, Mwalimu mmoja juu ya mwingine, wanne. Nilipolisikia nilicheka mpaka nikakaa chini. Basi akaifunga mashine kwa blanketi, na sisi majirani tukamsindikiza mpaka Kyela.

Vizibo alivipanga mwezi wa saba, huku juu. Kule chini tulifika mwezi wa kumi na moja. Anayeijua Kyela anajua ninachosema. Joto la ziwani linakupokea kabla ya mwenyeji. Watu wamejaa, mchungaji ametoa neno la ukaribisho, Mwalimu akawasha. Tatu mara moja tatu. Tatu mara mbili sita. Tatu mara tatu ti-ti-ti-ti-ti-ti. Ikaganda hapo na haikutoka. Watoto wakaanza kuitikia ti-ti-ti, na watu wazima wakajificha nyuma ya vitabu vya nyimbo. Mwalimu akazima, akapepea, akawasha. Ti-ti-ti.

"Mashine yako imepata homa ya bondeni," nilimwambia tukiwa njiani kurudi.

Hakukasirika. Aliiweka mapajani. Tulipokuwa tumepanda, mashamba ya chai yameanza na madirisha ya gari yamefungwa, alinigeukia. "Nimeifundisha kukimbia kwenye kivuli," alisema, "nikaipeleka ikashindane juani. Kosa la mwalimu hilo, siyo la mwanafunzi." Kesho yake ilifanya kazi kama kawaida, tatu mara tatu tisa, na yeye akaanza kutafuta feni ya nne.

Nilimuuliza siku hiyo, na nilimuuliza kwa ukali kwa sababu nilikuwa nimepoteza siku ya soko: haraka ya nini, Mwalimu? Si wewe uliyesema jibu halina miguu?

"Hili lina miguu," akasema. "Linaondoka."

Ndipo akaniambia.

Mke wake alikuwa mtunzi wa nyimbo. Hilo nililijua, nilikuwa namsikia akipita dukani. Alitunga akichuma chai, akimenya ndizi, akingoja mvua ikatike. Kila wimbo alikuwa anautunga na sauti zake nne, na kila sauti ina maneno yake, hazifuatani tu kama kondoo. Hakuandika hata moja. Alipolazwa hospitali ya Igogwe nilikwenda kumtazama, na hata pale kitandani alikuwa anapiga vidole kwenye shuka. Alipofariki, kwaya ilibaki na nyimbo mbili tatu, na hizo wanaimba sauti ya kwanza tu. "Nimeishi naye nyumba moja," Mwalimu alisema, "nimebaki na vipande. Nilidhani zipo. Nani huhesabu hewa?"

Mtu mmoja tu alizijua zote, kwa sauti zote nne. Naye ni mkwewe, mke wa yule dereva, Mama Tumpe, binti kutoka Mpuguso. Alizijifunza jikoni kwa mama mkwe wake, miaka yote ya kumenya ndizi pamoja.

"Basi mwambie aimbe!" nikasema.

Mwalimu akanitazama kama vile nimetukana.

Mtu wa Tukuyu ameshaelewa. Kwa wengine niseme. Kwa mila yao, mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani, hawakai chumba kimoja, hawasemezani. Wanaita ukutila, kuogopa kwa heshima. Mwanamke akimwona mkwe anakuja njiani, anaingia migombani. Wapo mjini waliokwisha kuacha, na makanisani wanasema ni hiari, lakini Mama Tumpe alilelewa hivyo na Mwalimu pia. Kila alipofika getini kwake mwenyewe alikohoa, hana kifua wala nini, ni kikohozi cha adabu, ili mkwewe apate nafasi ya kutoka kwa mlango wa nyuma. Chakula kilipita mkononi kwa mtoto. Na wimbo uliokuwa unasikika jikoni, kikohozi kikisikika tu, ulikatwa kama uzi. Kwa hiyo yule mtu aliyezitamani nyimbo kuliko wote ndiye aliyekuwa anazinyamazisha kwa kurudi nyumbani.

"Kompyuta unaipasua kifua," nilimwambia, "vitabu vya Kizungu vya prosesa unavisoma mpaka Mbeya kwenye mgahawa wa intaneti, na mkweo humtazami usoni. Wewe ni mtu wa zamani au wa sasa? Chagua."

"Kompyuta haijaolewa na mwanangu," akajibu.

Ikabidi niende mimi. Mimi siyo ndugu, siyo Mnyakyusa, ukutila haunihusu. Naingia jikoni, natoka sebuleni, mila zao zinanipita pembeni. Nilimkuta Mama Tumpe anaosha vyungu. Nikamweleza. Akacheka kwanza, kwa kuficha uso kwenye kanga.

"Dada, nitamwimbiaje baba mkwe? Umeona wapi?"

"Humwimbii yeye. Unauimbia waya."

"Na waya unakwenda wapi?"

Nikaokota chungu, nikaanza kusuuza. Naye akaacha kusugua. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Ule wimbo wa chai. Sauti ya tatu. Juzi nimeitafuta kutwa nzima ndiyo ikaja. Mama aliniachia mimi, dada, na mimi ninaimwaga."

Machozi yalinitoka, sifichi. Mwishoni akakubali, kwa sharti moja: Mwalimu asisikilize. Mashine isikilize, mimi nisikilize, yeyote asikilize, ila yeye hapana, wala siku ile wala baadaye, mpaka mwenyewe atakaposema. Akisikiliza, ni sawa na kuimba mbele yake.

Nilitembea ua mzima nikiona aibu kuupeleka ujumbe ule. Ni kumwambia mtu apike asile. Mwalimu aliusikia, akatazama feni zake zikizunguka.

"Ni haki yake," akasema. "Mwambie ndaga, nashukuru."

Tungeweza kurekodi kwa redio kaseti, nilishamwambia hilo mapema, tena ninazo dukani. Haikufaa. Kinywa ni kimoja na sauti ni nne. Ilibidi aimbe ya kwanza, kisha asikie ya kwanza kwenye hedifoni huku anaimba ya pili, kisha asikie zote mbili akiimba ya tatu. Mashine ilitakiwa iseme na isikilize kwa wakati mmoja. Kwa mwendo wake wa kiwandani ilimudu mbili. Ya tatu ilikatika kama mtu mwenye kwikwi. Ndiyo maana ya mbio zote zile. Na mbio zilileta joto, joto likaleta feni, na feni nne zikiunguruma pamoja ukasikia mashine ya kusaga. Kila alichojirekodi Mwalimu pale sebuleni kilikuwa na unga ndani yake.

Sasa tazama mambo yanavyojipanga. Mwimbaji hatakiwi kukaa chumba kimoja na feni. Na mkwe hatakiwi kukaa chumba kimoja na mkwewe. Mashine ikabaki sebuleni dirishani, Mama Tumpe akabaki jikoni ng'ambo ya ua, na mimi nikaunganisha waya wote niliokuwa nao dukani ukapita juu ya migomba. Kijana mmoja wa kituo cha redio cha Mbeya alipokuja kuona akasema studio zote kubwa zimejengwa hivyo, fundi huku mwimbaji kule. Mwalimu alifurahi kwa siku mbili. "Umesikia? Mababu zetu walikuwa na studio, hawakuwa na umeme tu."

Tulilobaki nalo ni mvua. Tukuyu mvua haina kalenda, na bati la jikoni halina siri. Tulingoja mchana mkavu kama watu wanaongoja mgeni. Ulipopatikana, nilifunga duka, Mama Tumpe akafukuza kuku, akakaa kwenye kigoda mgongo kwa mlango, hedifoni masikioni, maiki inaning'inia kwenye boriti ambako huwa wanatundika nyama ya kukausha. Mwalimu alivaa masweta yake. Hedifoni zake akazisukuma upande wangu wa meza, mbali na mkono wake.

"Mwambie aanze."

Nikatoka uani. "Anasema uanze!"

Na akaanza.

Sitaeleza ile sauti, sina maneno na nikijaribu nitaiharibu. Nitaeleza nilichoona niliporudi mezani na kuvaa hedifoni. Mwalimu alikuwa anatazama mistari ya kijani kwenye kioo, inapanda na kushuka, ngurumo ya feni imemziba masikio. Wimbo wa mke wake ulikuwa unapita mbele ya macho yake, naye anauona kama unavyoona mtu anaongea nyuma ya dirisha la basi.

"Anaimba upi?" akaniuliza kwa kunong'ona.

"Wa chai."

"Unakwendaje?"

"Mwalimu. Umekatazwa."

"Kweli," akasema. "Kweli, kweli."

Sauti ya pili ilipita. Ya tatu akaizima, akahamisha vizibo, akaiwasha, akagusa kitana kwa fundo la kidole, akakiacha hapo hapo. Katikati ya ubeti wa pili kidole kikaruka. Joto limepanda, na dirisha lilikuwa limeshafunguka lote. Akachukua ungo ukutani, ungo wa mke wake wa kupetea mchele, akaanza kuipepea mashine. Polepole, kwa mkono wake wa ubaoni, asiguse kitu, asitoe sauti. Alipepea mpaka wimbo ukaisha. Jasho lilikuwa linamtoka ndani ya masweta mawili, Tukuyu, na mimi nikajikuta nimeshika meza kwa mikono miwili, naomba dua kwa ajili ya prosesa. Mimi! Ya nne ikapita. Haikuganda.

Tulifanya hivyo kila mchana mkavu uliopatikana, mpaka nyimbo zote alizozikumbuka Mama Tumpe zikaingia.

Halafu ndipo nilipomjua Mwalimu. Maana kazi imekwisha, nyimbo zimo, mashine iko mezani kwake, amelala nayo nyumba moja, na kuna kitufe kimoja tu. Hakukibonyeza. Nilimsumbua sana. "Bonyeza! Mama Tumpe yuko shambani, nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na nikikohoa getini kesho, kikohozi kitakuwa cha uongo."

Alikwenda Mbeya kutoa nakala kwenye CD, akiogopa diski isije ikafa. Kijana aliyeitoa alipotaka kujaribu kama inapiga, Mwalimu alimwambia asubiri, akatoka nje, akasimama barabarani kwenye vumbi mpaka alipoitwa. Nakala akanipa niitunze. Siku moja alinikuta dukani napanga sabuni huku navuma ule wimbo wa chai, nimejisahau. Alisimama mlangoni. Aliweka chini betri alizokuwa amezichagua, akageuka akaondoka bila kuaga. Mimi nilikuwa nao wimbo wa mke wake kinywani na yeye hana. Kama si ukatili sijui ni nini, na sikumfanyia mimi wala mkwewe. Alijifanyia mwenyewe, kwa sababu alikuwa ametoa neno.

Watu walimwita mshamba. Wengine walisema ni kiburi. Nami nilisema hayo yote, tena kwa sauti. Lakini niliona jambo jingine: Mama Tumpe alianza kuimba tena jikoni, zaidi ya zamani, na kikohozi cha getini kilipanda hadi njia panda, mbali, ili apate kumaliza ubeti.

Baadaye nilihamia Mbeya kwa Zuhura, magoti yameanza kudai ukungu upungue. Miaka ikapita. Nilirudi Tukuyu kwa ajili ya mambo ya duka, nikanunua mkate na sukari, nikaenda kumwona.

Alikuwa amekwisha kuwa mzee. Sweta lilikuwa moja na lilimtosha mara mbili. Watu walikuwa na kompyuta ndogo za kubeba kwapani siku hizo, na ile yake bado ilikuwa dirishani, ila dirisha limefungwa na feni zimebaki mbili.

"Nimeirudishia mwendo wake wa kiwandani," akasema. "Imestaafu. Ugonile, Mama Suhula."

Tulizungumza ya wazima na ya wafu. Kisha Tumpe, ambaye sasa ni msichana mkubwa, akaja kuniita, mama yake ananihitaji jikoni.

Mama Tumpe hakupoteza muda. Tumpe ameposwa, aliniambia. Anajifunza nyimbo za bibi yake, sauti ya kwanza na ya pili ameshashika. "Namfundisha huku, dada, na kule ndani mzee analinda mlango wa chumba asichokijua. Nimechoka kumwona. Mama angenigombeza." Akajipangusa mikono. "Kamwambie asikilize. Leo. Mimi nikiwa hapahapa."

Nilivuka ule ua, magoti na yote, kama msichana. Nikamwambia. Akavua kofia.

Alibonyeza. Feni zikaunguruma, kukawa na kimya kidogo, na Mama Tumpe wa miaka ile akaanza kwenye spika, mpaka uani: mmoja, kisha wawili, kisha wanne. Mwalimu aliinamisha kichwa, akafumba macho. Mkono wake ulikuwa umeinuka kidogo hewani, unamfuata mtu.

Ubeti wa pili, umeme ukakatika.

"Lahaula!" nikapiga kelele. "Leo! Saa hii!" Feni zilizunguka kwa uvivu zikasimama. Yeye hakusogea wala hakufumbua macho.

Na hapo, ng'ambo ya ua, jikoni, sauti ikaendelea. Ilishika pale pale mashine ilipoachia, neno lile lile. Ilikuwa nzito kuliko ile ya kwenye mashine, yenye umri, na Tumpe akaingia chini yake na sauti ya pili. Mama Tumpe alijua mkwewe yupo. Alijua hajalala, hana hedifoni, hana waya. Aliimba hivyo hivyo, ubeti wa pili, na wa tatu.

Umeme ukarudi. Mashine zile za zamani hujiwasha zenyewe. Feni zikaanza tena ngurumo zao, na jikoni wimbo ukasita, ukakatika. Mwalimu akafumbua macho. Akainama, polepole, kwa taabu, akachomoa plagi ukutani.

Nikainuka kwenda kupeleka ujumbe, kama zamani. "Nimwambie nini?"

Akanishika mkono, nikakaa. Akakohoa, akasafisha koo, na akageuza uso wake kuelekea jikoni.

"Mwanangu," akaita kwa sauti yake ile ya mlango wa ghala, "endelea."

Akaendelea.